Sura ya Breki

Kimweri kaniwekea vitabu vitatu
juu ya kiti cha gari kilichochanika,
nje ya kibanda chake, Barabara ya Kumi na Nne, Ngamiani,
kisha karudi kwenye chai na bajia zake
kama mshenga asiyetaka lawama.

Cha kwanza kinang'aa. Kijapani kitupu.
Michoro safi, hata bolti zinaonekana zimeoga,
kila kifaa kinaelea mbali na mwenzake
na kimshale kidogo kinamwonyesha njia ya kwao.
Chuoni nilisoma sauti kabla ya maana;
hiki hakinipi hata sauti.

Cha pili Kiingereza, kinene, cha injini ya petroli.
Pikapu yangu hunywa dizeli.
"Tofauti ndogo," asema Kimweri bila kugeuka.
Naitazama chai yake.
Chumvi na sukari nazo tofauti yake ndogo.

Cha tatu ni fotokopi, kimeshonwa kwa uzi wa katani,
kurasa zimejaa madole ya grisi,
na pembeni mtu, simjui, kaandika kwa penseli:
Si kweli.
Jaribu spana namba kumi na nne.
Hapa nililala chini siku mbili.
Na mahali fulani, katikati ya klachi:
Zuhura kajifungua.

Shida ni kwamba gari lenyewe halijui umri wake.
Kadi inasema themanini na sita. Chesisi inakataa.
Marehemu kaka yangu Mntambo
alilipachika injini ya basi dogo lililofia Segera,
giaboksi akainunua Korogwe, usiku,
kwa mtu asiyependa risiti.
Mlango wa kushoto ni wa bluu
na haujawahi kueleza ulikotoka.
Hili si gari, ni ukoo.
Kitabu gani kitawataja wote?

Fundi Shekalaghe hunicheka:
gari halisomwi, dada, linasikilizwa.
Na kweli yeye husikiliza,
huliinamia boneti kama mkunga.
Lakini Shekalaghe yuko Duga,
na mimi kila Jumatano nateremka kutoka Amani
na magunia ya iliki na mdalasini,
kona inazaa kona, ukungu hadi kwenye kioo,
na ni huko, mwezi wa Aprili,
pedali ilipozama mpaka sakafuni
kama mguu kwenye tope,
nami sikusikia kitu.
Breki haipigi kelele ikifa.
Nililiegemeza gari kwenye ukingo wa udongo,
taa moja ikaenda, gunia likapasuka,
na barabara nzima ikanukia pilau
huku magoti yangu yakicheza peke yao.

Basi nimevifungua vyote sura moja.
Injini ikinikataa, hunikataa nimesimama.
Kwenda nitajifunza kwa sikio.
Kusimama nakutaka kwa maandishi.

Cha Kijapani kina dramu na springi nzuri
za gari ambalo halijawahi kutumwa popote.
Cha Kiingereza, ukurasa umechanwa.
Na ile fotokopi, iliyochafuka kote kule,
hapa ni nyeupe.
Hakuna dole. Hakuna penseli.
Kurasa kumi na moja, safi kama shuka la wageni.

"Mwenyewe yuko wapi?" namuuliza.
Kimweri anafuta mafuta ya bajia midomoni,
anafuta tena.
"Alikileta mwanamke. Ana mtoto mgongoni."

Nilikuwa nimejiandaa kumpunguzia mpaka elfu nane.
Nikampa kumi na tano, sikungoja chenji.

Usiku, uani kwangu Makorora,
chini ya gari, tochi mdomoni,
tairi la nyuma limelazwa kando,
mafuta ya breki yakinitiririka hadi kwenye kiwiko,
nimeufungua ukurasa wa kwanza kati ya zile kumi na moja
nikauwekea dole gumba.